Hadithi Namba Saba Ilishinda, Mimi Nikafukuzwa Kundini

"Umeondolewa kwenye kundi."

Nikasoma. Nikavua miwani, nikaipangusa kwa upindo wa gauni, nikaivaa, nikasoma tena.

Umeondolewa kwenye kundi!

Mimi?!

Mimi niliyelianzisha Kalamu Mbichi wakati waandishi wake wote wangetosha kwenye benchi moja? Nimelilea, limenenepa, lina watu nisiowajua hata nikikanyagana nao njiani... halafu leo natolewa kama nzi kwenye chai?

Na aliyenitoa ni nani?

Katibu! Kijana niliyemfundisha mwenyewe pa kuweka nukta na pa kuacha kuongea. Nikampa uadmini kwa mkono wangu huu huu, na yeye akautumia mkono wake kunisukuma nje.

Wasomaji wangu, kaeni vizuri. Mwenye jiko limewaka aende akalizime kwanza.

Bado nimeduwaa, simu ikalia. Rafiki yangu wa kundini, muuguzi mstaafu, mwanamke asiyejua salamu.

"Umefanya nini wewe?"

"Sijafanya kitu!"

"Basi soma nilichokutumia. Na ukae chini kwanza. Umri huu ukianguka, kukuinua ni mradi."

Alikuwa amenitumia picha ya skrini yake. Maneno ya Katibu, nayaweka hapa kama yalivyokuwa:

"Ndugu waandishi. Mshindi wetu anayejiita Kimya HAYUPO. Kimya ni Bi Kipaza mwenyewe. Amejiandikia, amejisomea, akajipigia kura. Ushahidi ninao. Kimya, kama wewe ni mtu kweli, jitokeze kwa sauti yako kabla ya jioni ya leo. La sivyo Hadithi Namba Saba inafutwa, na kitabu chetu kitafunguliwa na Hadithi Namba Mbili."

Bi Kipaza ndiye mimi.

Jina hilo nililipata kazini. Nilikuwa natangaza mabasi kituo kikuu, toka enzi za kipaza sauti cha kukoroma mpaka walipoleta mashine inayotangaza kwa sauti ya msichana mwenye mafua. Niliposema basi linaondoka, liliondoka. Siku moja nilitangaza kwa bahati mbaya kwamba basi fulani limeshafika, na dereva wake aliyekuwa bado porini akaona aibu, akakanyaga mafuta, akaingia kituoni sentensi yangu haijaisha.

Msiniulize shahidi. Walioshuhudia wote walishuka njiani.

Nilipostaafu, sauti ikabaki haina kazi. Ndipo nikaanzisha mashindano.

Kwetu Kalamu Mbichi, shindano halisomwi. Linasikilizwa. Niliona mapema kwamba mtu akiona jina anapigia kura jina, na akiona kosa la herufi anapigia kelele herufi. Kwa hiyo kila mwandishi humtumia Katibu hadithi yake. Katibu anaondoa jina, anaweka namba, ananitumia. Mimi naingia ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, maana humo sauti haipigi mwangwi, nazisoma zote kwa voisi. Kundi linasikiliza, linapiga kura. Zikifungana, kura ya kuamua ni yangu. Baada ya hapo majina yanafunguliwa.

Safari hii zawadi ilikuwa kubwa. Tunatoa kitabu! Kitabu cha karatasi, cha kushika! Na hadithi ya mshindi ndiyo ya kwanza kabisa, ndiyo inayomkaribisha msomaji mlangoni.

Sasa hii Hadithi Namba Saba...

Jamani, Hadithi Namba Saba ilikuwa tamu!

Binti ameolewa, anaishi na mama mkwe asiyejua kuongea. Yeye anatangaza tu! "Mkwe ameamka!" "Maji yanachemka!" "Nani kahamisha sufuria yangu?" Anapiga makofi mawili kabla ya kila neno. Mtu akiingia bafuni, nyumba nzima inajua, na akitoka pia inajua.

Nilimchukia mama yule toka mstari wa pili.

Nikamtafutia sauti ya puani, ya kukwaruza. Nikamfanya chatu! Kila alipofungua mdomo nilimwongezea meno. Mle kabatini nilicheka mpaka hanga ikanidondokea kichwani.

Kundi likapasuka. Picha za vicheko zilishuka kama mvua. Mimi mwenyewe nikaandika chini yake:

"Jamani kuna wanawake wabaya duniani! Mungu atuepushe na mama mkwe wa aina hii!"

Nikaongeza na alama tatu za mshangao.

Kura zikafungana, Saba na Mbili. Sikusita, nikaiangushia yangu Saba. Majina yakafunguliwa. Saba ni ya mtu anayejiita Kimya, mwanachama mpya mwenye namba ya simu nisiyoijua, ambaye hajawahi kuandika hata "hamjambo". Namba Mbili... ya Katibu.

Sheria haikumkataza admini kushindana. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, "Shindana tu mwanangu, wanaopiga kura ni wao."

Mnaona sasa nilipokaangwa?

Nikampigia. Nilitegemea hatapokea. Akapokea.

"Shikamoo, Bi Kipaza."

"Usinishikamoe na kisu kikiwa bado mgongoni! Ushahidi uko wapi?"

"Mama yangu, naomba tusigombane."

"Ushahidi!"

Akavuta pumzi.

"Nilimpigia Kimya nimpongeze. Simu ikapokelewa. Kabla hajasema neno, nyuma yake nikasikia sauti yako."

"Sauti yangu?"

"Sauti yako haifanani na ya mtu. Nimeisikiliza miaka."

"Ilisema nini hiyo sauti?"

Akashusha sauti.

"Ilisema, 'Nani kahamisha sufuria yangu?'"

...

"Maneno yale yale ya Hadithi Namba Saba, Bi Kipaza. Neno kwa neno. Kisha simu ikakatwa. Wewe ungekuwa mimi, ungefikiri nini?"

"Ningeuliza kwanza! Ndicho ningefanya! Ningeuliza kabla ya kumtupa mtu nje!"

Nikamkatia. Nilikuwa nimewaka. Humu ndani kuna mtu anayenichezea, nikajiambia. Leo atanitambua!

Nikasimama katikati ya sebule kumwita mwanangu na mkewe. Nikapiga makofi mawili...

Mikono ikaganda hewani.

Makofi mawili.

Wasomaji wangu. Kituoni ilibidi upige makofi mawili mbele ya kipaza kabla ya kutangaza, ujue kama kimeamka. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi. Na sikuwahi, hata siku moja, hata wakati naisoma Hadithi Namba Saba na kuicheka...

Sikuwahi kujua kwamba bado nafanya!

Kule kundini wamemsikia mama mmoja mbaya. Nami nikamwomba Mungu atuepushe naye.

Nikaenda jikoni polepole. Mwanangu alikuwa amelala chali, kichwa ndani ya kabati la sinki, anafunga bomba linalovuja. Mkewe amechuchumaa pembeni anampa spana.

"Kimya ni nani humu ndani?"

Spana ikaanguka.

Mwanangu akajivuta ndani zaidi. Ikabaki miguu.

"Mama..." Mkwe wangu akasimama.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Na wewe mwenye miguu! Ulijua?"

"Mama, mimi natengeneza bomba."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Bomba linavuja sana, Mama."

Niliwahi kumwona mkwe wangu huyu akiandika? Hapana. Anafanya kazi kwenye duka la miwani. Anarudi, anapika, anasikiliza, anatabasamu kwa upande mmoja. Hata akikataa kitu hukataa kwa sauti ya kukubali. Niliishi naye nikidhani namjua. Kumbe mimi nilikuwa natangaza, na yeye anaandika.

"Ulifuata nini kundini kwangu?"

Akaangalia chini.

"Kila jioni ulikuwa unacheka peke yako na simu. Nikataka kujua unacheka na nani."

Hilo likanigonga pasipo na mfupa. Lakini hasira yangu ilikuwa bado inatembea, haijafika kituoni.

"Ndiyo uniandike mimi chatu?!"

"Sikuandika chatu, Mama."

"Nimeisoma mwenyewe! Mbele ya kundi zima!"

"Ndiyo. Uliisoma wewe."

"Kwa hiyo?"

Akainua macho. Toka aolewe sikuwahi kumwona akiyainua hivyo.

"Uliisoma vibaya."

JAMANI!

Mimi! Nimesoma vibaya! Mimi niliyekuwa nikitaja jina la mji abiria wakaanza kuwakumbuka ndugu zao!

Kutoka chini ya sinki ikasikika sauti: "Mke wangu, ungemalizia hapo..."

"Wewe funga bomba!" Tulisema wote wawili kwa pamoja. Tukatazamana.

Yeye ndiye aliyelegea kwanza.

"Usijali, Mama. Naandika sasa hivi kwamba niliinakili mahali. Waifute. Watakurudisha."

"Useme wewe ni mwizi?"

"Ni hadithi tu."

"Si hadithi tu! Ni yako!"

Hapo nikaiona njia panda yote. Akijitangaza mwizi, mimi narudi kundini kwangu safi, na hakuna atakayejua yule mama mkwe ni nani. Akijitokeza kwa sauti yake, watu wote wale watajua mshindi analala chumba cha pili kutoka changu, na waliyemcheka usiku na mchana ni mimi.

Jioni ilikuwa inakuja. Nami, kwa taarifa yenu, sijawahi kurudi mahali kwa mlango wa uani.

"Lete hiyo simu yako."

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Wewe hujaondolewa kundini. Wamekuacha makusudi ili ujitokeze. Basi jitokeze! Isome mwenyewe, yote, toka juu."

"Siwezi. Sauti yangu ndogo."

"Waongeze sauti kwenye simu zao, wana vidole!"

"Na wewe? Wakijua ni wewe?"

"Nilishatangaza ajali, nikatangaza magari yaliyochelewa siku nzima huku abiria wakinirushia maganda. Watu wenye simu ndio wanitishe?"

Nikampeleka chumbani, nikamfungulia kabati, akaingia na simu yake katikati ya makoti. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Nikakalia mikono yangu, isije ikapiga makofi yenyewe.

Akaanza.

"Nyumba niliyokulia, watu walipishana bila neno. Ungeweza kuugua siku nzima usiulizwe. Nilipoolewa, asubuhi ya kwanza, nilisikia mtu akitangaza, 'Mkwe ameamka!' Nilishtuka nikakaa. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba nimeamka."

Maneno yale yale niliyoyasoma. Halikuongezwa hata moja.

"'Nani kahamisha sufuria yangu?' aliuliza. Alijua ni mimi, maana jikoni tulikuwa wawili tu. Aliuliza ili nijibu. Nami nilikuwa nimesahau namna ya kujibu."

Wasomaji wangu, mwenzenu nililia. Nimelia pale kitandani bila sauti, mimi ambaye hata chafya yangu huamsha jirani.

Mwandishi alikuwa ameandika mwanamke, nami nikamsomea chatu. Kote alikoweka upole nilitia pua. Na kundi likapigia kura pua yangu!

Kwa hiyo Katibu alikuwa na haki? Ndiyo, kwa nusu. Matokeo yalikuwa yamepinda. Lakini mshindi alikuwa mtu kweli, na yeye Katibu hakuniuliza.

Mkwe alipotoka, macho mekundu, voisi yake imeshatumwa, nikachukua simu yake. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Hii ndiyo voisi niliyotuma, kwa sauti yangu ile ya kituoni:

"Kalamu Mbichi! Hapa ni Bi Kipaza, nazungumza kwa simu ya watu kwa sababu kwangu nimefukuzwa! Mliyemsikia sasa hivi ndiye Kimya. Ni mke wa mwanangu. Sikujua, na asiyeamini ashike imani yake aende nayo. Na yule mama mkwe mliyemcheka ni mimi! Tena mimi ndiye niliyewasaidia kumcheka. Sasa nani kati yenu ambaye angeandikwa hivyo, halafu aipe kura kwa kumpendelea mwandishi? Anyooshe mkono!"

Nikapumua.

"Lakini kura yangu naiondoa. Siiondoi kwa kuogopa mtu. Naiondoa kwa sababu niliisoma hadithi hiyo kwa mdomo usio wake. Pigeni kura upya, kwa sauti ya mwenyewe. Na Namba Mbili naye asome ya kwake. Katibu, kama wewe ni mwandishi, ingia kabatini!"

Nikatuma.

Tukainamia simu wote wawili. Kisha juu ya skrini: Katibu anaandika... Katibu anaandika... ameacha. Anaandika... ameacha.

Mwanangu alikuwa ameshatoka chini ya sinki, amelowa, anachungulia mlangoni.

"Ameingia kabatini?"

"Nyamaza!"

Voisi ikaingia. Ya Katibu.

Alisoma polepole. Ile hadithi yake ya kinyozi anayemnyoa baba aliyemkana, baba mwenyewe hajui nani ameshika wembe. Na mimi, jamani, ile hadithi nilikuwa nimeisoma kama ratiba ya mabasi! Ukimya wote aliouweka niliupita bila kusimama. Alipofika mahali baba anafumba macho na kuegemeza kichwa, Katibu mwenyewe alikwama. Akaurudia mstari.

"Anajua huyu," mkwe wangu akanong'ona.

"Nani alimfundisha?" nikamjibu.

Basi kundi likawaka! Wengine wakasema nimewadanganya. Mmoja akaandika kwamba yeye alimpenda yule chatu, hii mpya ina machozi mno, tumrudishie chatu wake. Wawili wakatoka kwa hasira, mmoja akarudi kwa sababu alitaka kujua nani kashinda. Muuguzi alituma voisi moja tu: "Mimi nilijua ni yeye toka yale makofi mawili, nikanyamaza, nikajifurahisha."

Shoga gani huyu?

Wakapiga kura upya. Mchuano ulikuwa mkali mpaka kura za mwisho mwisho.

Saba.

Kwa tofauti ya kura chache, hata moja si yangu. Hadithi ya mkwe wangu ndiyo itakayofungua kitabu.

Alikaa chini pale pale sakafuni. Mumewe akamkumbatia na maji yake yote ya bomba. Mimi nikapiga makofi mawili, kwa hiari yangu kabisa, nikatangaza mpaka ng'ambo ya barabara:

"Mkwe ameshinda!"

Jirani akajibu dirishani: "Hongereni! Ameshinda nini?"

Simu yangu ikalia. Nimerudishwa kundini. Kisha akapiga Katibu mwenyewe.

"Bi Kipaza. Nisamehe. Ningeuliza kwanza."

"Nimekusamehe. Ila ukirudia nitakutangaza."

"Nimekurudishia uadmini. Kiti chako kipo."

Sasa hapa ndipo nilipomwacha mdomo wazi.

"Sikitaki."

"Eh?"

"Sikitaki! Kuanzia leo kila mwandishi asome yake, mwenye sauti ndogo na mwenye kigugumizi. Kwa hiyo msomaji wa nini? Na kiti cha kuvunja sare kaa wewe, ukome kushindana."

"Halafu wewe ufanye nini, mama yangu?"

"Nishindane."

Akacheka kwa woga. "Na nani?"

"Na huyo mshindi wenu! Miaka yote nimesoma za watu. Sijawahi kuandika yangu hata moja. Mtu akae kwangu, anywe chai yangu, aniandike mpaka kitabuni, halafu mimi ninyamaze? Mwambie Kimya ajiandae!"

Mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, anasikia kila neno.

"Nimejiandaa, Mama," akasema.

Kwa sauti kubwa! Mnasikia? Ameanza kujibu!

Ndugu zangu mnaoendesha mashindano huko mitandaoni, na ninyi mnaoishi na watu nyumba moja mkidhani mnawajua, chukueni hili kutoka kwa mstaafu. Hadithi ya mtu ukiisoma kwa mdomo wako, utasikia unachokitaka wewe. Mpe mwenyewe aseme, hata kama sauti yake ni ndogo, hata kama anayesemwa ni wewe. Na kabla hujamtupa mtu nje, muulize.

Mimi shindano lijalo naingia. Sina kiti wala kura. Nina hadithi.

Anayeniogopa, aniondoe tena!